Glenys na Kamera Isiyoona Gizani

Watu wa Wirrapeel walishazoea kumsikia Glenys Noske akiitukana kamera yake. Aliitukana uwanjani kwenye mpira, aliitukana kwenye maonyesho ya kondoo, na kanisani pia aliitukana, ila kule alishusha sauti kidogo kwa kumstahi mchungaji. Mtoto anabatizwa, maji yanamwagwa, wazazi wanafuta machozi, na nyuma ya nguzo inasikika sauti ya mwanamke mzima ikisema, "Ona sasa, takataka wewe, umelala tena!" Wageni walishtuka. Wenyeji walijua anazungumza na kamera.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, mpana, mwenye magoti yanayolia kila akichuchumaa. Msimu wa mavuno alikaa kwenye mizani ya ghala la nafaka akipima malori ya ngano na kuwakaripia madereva kama watoto wa chekechea. Miezi mingine yote alikuwa mpiga picha wa mji, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Arusi alipiga yeye, mazishi alipiga yeye, fahali aliyeshinda utepe alipiga yeye, na timu ya mpira wa pete iliyoshindwa na kila mtu alipiga yeye vilevile. Ukitaka picha Wirrapeel, unampigia simu Glenys, na mdomo wake unauvumilia.

Kamera yenyewe ilikuwa na miaka kumi na moja. Mpira wa kushikia ulishabanduka pembeni, akaurudishia kwa gundi ya mumewe, Trev, ile ya kuzibia mabomba. Juani haikuwa na mshindani. Kila mwezi wa tisa, kanola, zao la mbegu za mafuta, ikichanua na mashamba yakawa manjano hadi mwisho wa macho, Glenys alipiga mbingu za bluu iliyokolea hivi kwamba majaji wa klabu ya picha walikosa la kusema, na majaji wa klabu ya picha, mimi nawajua, si watu wa kukosa la kusema. Lakini iingize kamera hiyohiyo ndani ya nyumba yenye pazia lililofungwa nusu. Loo! Picha zinatoka nyeusi. Akiilazimisha ione, zinajaa chenga kama televisheni ya kizamani wakati wa mvua.

Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo, maana kazi kubwa ya mwaka ilifanyika ndani, katika ukumbi wa mji wenye taa za enzi za mababu. Hiyo ni Dansi ya Mabinti. Kila mwezi wa saba wasichana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, wanavaa magauni meupe na glavu zinazofika viwikoni, wanashikwa mkono na wavulana waliochanwa nywele kwa nguvu, wanapita mmoja mmoja mbele ya meya na kupiga goti. Zamani Glenys alitumia flashi na maisha yalikuwa matamu. Kisha mwaka mmoja binti wa kina Schier akapigwa flashi ya macho katikati ya goti lake, akapoteza mwelekeo, akaketi kwa uzito wake wote juu ya mguu wa meya. Kidole gumba cha meya kikavunjika. Binti hakuumia wala hakuona haya, aliendelea kucheza mpaka mwisho. Lakini Verna Rethus, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, aliipiga flashi marufuku palepale, na tangazo lake liko mlangoni hadi leo.

Dansi mbili zikapita bila flashi. Baada ya ile ya kwanza akina mama walizitazama picha wakauliza, "Huyu ni nani?" Baada ya ile ya pili hawakuuliza tena. Walihesabu kutoka kushoto.

Mwaka wa tatu ulipokaribia, Verna alimkamata Glenys kwa muoka mikate, mbele ya kabati la pai za nyama, foleni nzima ikisikiliza. Verna ni mrefu, mwembamba, na hajawahi kunong'ona maishani mwake.

"Glenys, mama, nisikilize. Mwaka huu baba yako anatimiza miaka hamsini na bendi. Kamati imeamua tutundike picha yake kubwa ukumbini, pale karibu na mlango. Akiwa jukwaani na kodiani yake. Sitaki ya kupozi bustanini na maua. Nataka akiwa kazini, uso uonekane, vidole vionekane."

"Nitaipiga."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, ukaniletea paka mweusi ndani ya pipa la makaa."

"Ni kamera, Verna. Haioni gizani."

"Basi nunua inayoona! Ukishindwa na safari hii, namwita yule kijana wa mjini Horsham mwenye vifaa vyake, na dansi zote zinazokuja zitakuwa zake. Sikwambii kwa ubaya."

"Hapana, unaniambia kwa wema, mbele ya watu kumi na wawili."

"Kumi na watatu," akasema muoka mikate. "Na wewe, pai ya nini?"

Glenys aliondoka bila pai. Kazi ilimuuma, ndiyo, lakini kilichomchoma zaidi hakikuwa kazi. Mama yake alifariki ghafla miaka sita nyuma, na familia ilipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, hawakupata. Binti ni mpiga picha, amewapiga fahali wa wilaya nzima, na mama yake mzazi hana picha! Wakakuza ile ya leseni ya udereva. Mama wa watu akaagwa akiwa amekunja uso kama anayesubiri kutozwa faini. Glenys hakulisamehe jambo hilo, na hakujisamehe. Sasa baba yake, Alwyn Hausler, alikuwa na miaka themanini na sita. Akipiga kodiani alikuwa mtu mwingine kabisa, uso wote ulimfunguka, na uso huo haukuwamo kwenye picha hata moja. Katika moja kichwa cha shangazi kilimziba. Katika nyingine alikuwa akipiga chafya. Zile za miaka miwili ya mwisho zilikuwa chenga tupu. Glenys aliogopa, na aliogopa kweli, kwamba mzee atakwenda kabla hajampata.

Kwa hiyo akaanza kuitafuta kamera mpya, bodi tu, kwani lenzi alikuwa nayo. Alisoma kila kilichoandikwa. Kule kwenye mizani malori yalipanga foleni huku yeye akilinganisha picha za chupa za divai zilizopigwa kwenye vyumba vya giza na watu ambao, kwa maoni yake, walihitaji kutoka nje kidogo wakapigwe na upepo. Mara sita alifika mahali pa kubonyeza "nunua", na mara sita akafunga kompyuta akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mwishowe akamwambia Trev, wakiwa mezani. Akamtajia bei. Trev akaweka kijiko chini polepole.

"Hiyo ni pamoja na lenzi?"

"Bodi tupu."

"Bodi tupu! Yaani nanunua trekta halina magurudumu."

"Magurudumu ninayo, Trev."

"Na mimi nina tangi la maji lenye tundu, Glen. Tundu hilo linaonekana hata gizani, halihitaji kamera."

"Ni kwa ajili ya Baba."

Trev alimpenda mkwewe kuliko alivyolipenda tangi, ingawa tangi alilizungumzia zaidi. "Haya, nunua," akasema. "Lakini ijaribu kwanza. Hata kondoo dume hatumnunui bila kumfungua mdomo."

Wa kumjaribishia alikuwepo. Des Pridmore, mwalimu mstaafu wa kemia, mweka hazina wa klabu ya picha, hununua kila kamera mpya siku inayotoka na huitumia kupiga waridi. Waridi zake tu, za uani kwake, miaka ishirini. Bodi ile ile aliyokuwa akiiota Glenys, Des alikuwa nayo kabatini, na imeshapiga waridi mia nne.

Walikutana ukumbini Jumatano, siku mabinti wanapofanya mazoezi kwa muziki wa redio, maana bendi huja siku yenyewe tu. Wasichana walikuwa wamevaa suruali za michezo na viatu vya visigino, wavulana walikuwa wanahesabu hatua kwa sauti, na Verna alikuwa katikati anapiga makofi. Des akamkabidhi Glenys bodi kwa mikono miwili.

"Lenzi weka yako," akasema. "Lenzi zangu haziguswi, hata na mke wangu."

"Mke wako alishaondoka, Des."

"Ndiyo. Na lenzi zote zipo."

Glenys akaivalisha kamera mpya lenzi yake kubwa, ile ya siku zote, akapiga jukwaa, akapiga wasichana, akatazama. Giza na chenga! Chenga nzuri kidogo kuliko za nyumbani, chenga za bei mbaya, lakini chenga. Akapiga tena. Akageuza vitufe, akapuliza kioo, akaitukana kamera ya mwenzake kwa jina la mama wa kampuni. Des akatoa begani kamera yake ya zamani, kuukuu kama ya Glenys, akapiga kutoka palepale aliposimama. Wasichana wakatoka weupe, wang'avu, hata chunusi zao zilihesabika.

Glenys aliitazama picha ile. "Basi ni mimi," akasema. "Kumbe ni mimi mwenyewe ndiye mbovu."

Des alikuwa ameinama anaitazama lenzi ya Glenys kwa mbele, kama daktari anayetazama koo la mtoto.

"Glenys. Hiki ni nini?"

"Kipi?"

"Hiki kioo cheusi hapa mbele."

Kila anayepiga kanola anacho kioo hicho. Unakizungushia mbele ya lenzi, kinakata mng'ao, mbingu inakolea, unashinda utepe. Na kinakula mwanga, robo tatu ya mwanga wote kinaumeza, jambo ambalo shambani, adhuhuri, halimkoseshi mtu usingizi. Glenys alikivalisha msimu wa kanola wa mwaka uleule meya alipovunjika kidole. Vumbi la ngano likaingia kwenye nyuzi zake, kikaganda, kikawa kama kimezaliwa na lenzi. Na tangu siku hiyo alikuwa akikifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini, kwa mapenzi.

"Umeivalisha miwani ya jua," Des akasema, sauti ikianza kumtetemeka, "ukaiingiza ukumbini, ukazima taa, halafu unaitukana kwa kutoona."

"Des, ukicheka nakuua."

Des alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ilibidi waende jikoni mwa ukumbi wakachukue ule mpira wa kufungulia chupa za jamu, Glenys akashika lenzi, Des akashika kioo, wakavutana mpaka kikalegea. Glenys akairudisha lenzi kwenye kamera yake kuukuu, akapiga. Akamwona Verna, safi kabisa, mdomo wazi, hadi jino la dhahabu.

"Usimwambie mtu," Glenys akasema.

"Mimi? Kaburi."

Kesho yake asubuhi muoka mikate alimhudumia akiwa amevaa miwani ya jua, na foleni nzima ikamwomba radhi kwa kutomwona. Glenys aliwatukana mmoja mmoja kwa majina yao, akachukua pai zake mbili, akarudi nyumbani kumwambia Trev kwamba tangi lake limeokoka. Trev hakucheka mbele yake. Alikwenda bandani, na huko alisikika.

Dansi ikafika. Kamera ile kuukuu ilifanya kazi usiyoitegemea kwa umri wake. Mabinti kumi na mmoja walipiga goti, meya akiwa amevaa buti za kazi kwa tahadhari, na kila mmoja alitoka kwenye picha na uso wake mwenyewe. Lakini jicho la Glenys lilikuwa jukwaani. Bendi ilikuwa ya wazee wanne: Murray kwenye ngoma, mmoja kwenye piano, mmoja kwenye saksafoni, na Alwyn pembeni kwenye kiti chake, tai nyekundu, kodiani mapajani. Glenys alijibanza miguuni pa jukwaa, hatua nne kutoka kwa baba yake, na akapiga. Kwenye valsi alipiga. Kwenye polka alipiga. Alitazama kioo cha nyuma, akarekebisha namba, akapiga tena, magoti yakilia. Mzee alikuwa akitabasamu na kutikisa kichwa kwa mdundo. Picha sitini na moja alizipiga, na alipoizima kamera alijua amempata.

Jumapili baada ya chakula akakaa mezani na kompyuta. Trev alikuwa anaosha sahani. Picha ya kwanza ilipofunguka, Glenys alianza kulia, basi tu, machozi yenyewe yalijimwaga. Ulikuwa uso ule ule. Mikunjo ya macho, kichwa kilichoinama kidogo upande, na pale puani kile kijichubuko cha asubuhi aliponyoa kwa haraka.

"Trev, njoo umwone Baba!"

Trev akaja na kitambaa cha vyombo. "Huyo ndiye mwenyewe," akasema. "Hebu tuone vidole, Verna anataka vidole."

Glenys akaikuza picha ikateremka mpaka mikononi. Vidole vilikuwepo, vimelala juu ya vibonye. Na katikati ya kodiani, pale mifuo inapokunjuka, kulikuwa na mkanda mdogo wa ngozi wenye kifungo cha shaba. Mkanda huo hufungwa kodiani ikirudishwa sandukuni, ili isijifungue. Ukiwa umefungwa, mifuo haikunjuki, na mifuo isipokunjuka hakuna upepo, na hakuna sauti.

Ulikuwa umefungwa.

Akafikiri ni kati ya wimbo na wimbo. Akafungua nyingine, ya kwenye valsi, mabinti wakionekana nyuma wakizunguka. Umefungwa. Akafungua ya polka. Akazipitia zote sitini na moja, Trev akiwa amesimama nyuma yake na sahani inayochuruzika maji, na kila mahali kile kifungo cha shaba kiling'aa, kimefungwa, safi, bila chenga hata moja.

"Labda alisahau," Trev akasema.

"Jioni nzima, Trev?"

Akaichukua kompyuta akaenda. Alwyn aliishi peke yake nyuma ya kanisa, nyumba ya mbao, mlango wazi siku zote. Walikuwa na desturi yao: Jumapili Glenys anakuja, anafungua chupa zote za kachumbari na jamu za wiki nzima, kwa sababu vidole vya mzee havikuweza tena vifuniko. Aliwahi kumwuliza, mbona kodiani unaiweza? Mzee akamjibu kwamba vidole vya chupa ni vingine na vya muziki ni vingine. Na yeye, mwanamke mwenye akili zake, anayemshika dereva akiiba kilo tano za ngano kwenye lori zima, akaamini.

Aliweka kompyuta mezani mbele ya baba yake. Alwyn akavaa miwani, akatazama muda mrefu.

"Picha safi," akasema.

"Baba, mbona imefungwa?"

Mzee akajikuna kidevu. "Vidole vilinikatalia mwaka juzi. Kwanza hiki, kisha vyote. Nikamwambia Murray natoka, akasema utakwenda wapi, kiti ni chako, kaa. Nikakaa. Naivaa, naitikisa kidogo, natabasamu. Si kazi ngumu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

"Glen, wewe huniondolei macho jioni nzima! Kila nikiinua kichwa uko pale chini na hilo lidude lako. Halafu picha zinatoka giza, miaka miwili, na unamwambia kila mtu ni kamera, kamera mbovu, haioni. Mpaka wanakuchekea dukani. Nikasema, huyu mtoto ananisitiri. Amechukua roho ya mama yake." Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Nilikushukuru sana, ila sikujua niseme vipi."

Glenys angeweza kukubali. Neno "ndiyo" lilikuwa ulimini, tamu, lingemgharimu nini? Lakini huyu alikuwa baba yake.

"Haikuwa hivyo, Baba," akasema. "Kilikuwa kioo cha jua. Nilisahau kukitoa kwenye lenzi."

"Kioo cha nini?"

Akamweleza. Kanola, vumbi, mpira wa kufungulia jamu, Des sakafuni, muoka mikate na miwani yake. Alwyn alisikiliza hadi mwisho, kisha mabega yakaanza kumruka, kisha meno ya bandia yakamcheza, akacheka mpaka Glenys akampa maji, na Glenys naye akacheka, huku anajifuta macho kwa mkono wa sweta.

Simu yake ikalia. Verna. Glenys akaiweka mezani kwa sauti ya juu kama kawaida yake, ingawa kwa Verna hakukuwa na haja.

"Iko wapi? Fundi wa fremu ananisubiri kesho saa tatu."

Glenys akamtazama baba yake, akaitazama ile picha. "Za mabinti zimetoka, Verna. Ya Baba imekataa. Kona ile ya jukwaa ni giza sana."

"Usinitanie. Des alisema mmeitoa ile takataka."

"Tumeitoa. Bado imekataa. Kamera imechoka."

Verna akajibu kwa sauti ya mwenyekiti. "Basi mwakani ni yule kijana wa Horsham. Tulielewana, Glenys."

"Tulielewana. Sawa."

Kabla hajakata, Alwyn akaegemea meza, akaisogelea simu mpaka pua ikakaribia kuigusa. "Verna, ni Alwyn. Huyu anadanganya. Picha imetoka safi mpaka nywele za puani. Ni mimi ndiye sikupiga. Kodiani ilikuwa imefungwa. Nimewadanganya tangu mwaka juzi, na kama kamati inataka kuacha mambo ya picha, iache. Lakini kazi ya mtoto msiiguse."

"Alwyn," Verna akasema, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ilikuwa ya chini, "wewe unadhani sisi viziwi? Bendi yenyewe ni ya watu wanne. Mwaka juzi, valsi ya kwanza haijafika katikati, mume wangu alinigusa akaniambia, mzee leo hapigi. Ukumbi mzima uliisikia. Mpaka mabinti wanajua! Picha tunaitaka kwa sababu unakuja, na unavaa tai. Mwambie Glenys ailete kesho saa tatu, na hicho kifungo kikiwa hapohapo." Akakata.

Alwyn alibaki ameinama juu ya simu. Glenys alijaribu kuzikumbuka dansi zile tatu. Alikumbuka mlio wa kamera, alikumbuka namba zote, ngapi alipandisha na ngapi alishusha na kwenye wimbo upi. Alijaribu kuisikia valsi, akitafuta ndani yake mahali palipokuwa pamenyamaza, lakini kichwani mwake hakukuwa na valsi yoyote.

Mzee aliinua uso. "Ukumbi mzima," akasema. "Na wewe, Glen, uliyekuwa pale miguuni pangu? Hukusikia?"

"Sikusikia, Baba," Glenys akasema. "Nilikuwa napiga picha."